Shimo la Kinu na Amri ya Muda

Jumatano, tarehe kumi na nne Agosti, mwaka wa sabini na nne, saa nne asubuhi, Katibu Kata Abilahi aliandika namba kwenye mlango wangu kwa chokaa. Sikuwa na ugomvi na namba. Ilikuwa kumi na saba, na kumi na saba ni namba kama nyingine. Ugomvi wangu ni kwamba aliandika bila kubisha hodi, nami nimekaa kizingitini pa mlango huohuo nakula muhogo wa kuchoma, brashi yake ikanipaka sharubu.

Aliniomba radhi, maana sisi ni somo: tuliingia jando moja, tukalia siku moja, na yeye ndiye aliyelia zaidi. Kisha akafungua daftari na kunisomea kama mtu asiyenijua. Kitongoji chetu cha Mpingoni, nyumba ishirini na mbili, kinahamia kijiji kipya kando ya barabara kuu, ambako kutakuwa na shule, zahanati, bomba la maji na mashine ya kusaga. Jumamosi mapaa yatashushwa, ili mtu asipate kisingizio cha kurudi. Jumatatu trekta litaingia, Mpingoni yote ilimwe iwe shamba la kijiji, mahindi mwanzo mpaka mwisho.

Nilimwuliza kama ua wangu nao utalimwa.

“Trekta halina habari ya ua, somo,” alinijibu, akafunika kopo lake la chokaa na kwenda mlango wa kumi na nane.

Niseme mapema kwamba mimi simo katika wale wanaodai viongozi wote ni wabaya. Mimi nadai wengi. Mke wangu Siti alishikwa na tumbo mwezi wa Desemba wa mwaka uliotangulia. Zahanati ilikuwa na daftari, haikuwa na dawa. Gari pekee la kumfikisha hospitali lilikuwa limekwenda kumpokea mgeni, likakaa huko siku mbili kwa sababu mgeni alipenda samaki wetu. Siti hakungoja siku mbili. Baadaye waliokuwa na gari walikuja matangani, wakakaa juu ya mkeka wangu, wakaniambia ni kudra ya Mungu. Kudra ya Mungu naijua toka utotoni. Haijapata kupanda gari ikaenda kula samaki.

Basi ndiyo maana namba ile ya chokaa ilinipanda kichwani. Nilikuwa na miezi minane ya kukaa kimya, na ukimya wa mjane wa kiume ni kama chungu kilichofunikwa: watu wanadhani kimepoa kwa kuwa hawaoni mvuke.

Aliyenifunua kifuniko ni Kidawa.

Kidawa ni mtani wa marehemu. Kwetu mtani si mtu wa mzaha tu. Ana kazi yake. Siku ya kumzika Siti, kaburi lilipokwisha kuchimbwa na jeneza kufika, Kidawa aliteremka mwanandani akajilaza, mikono kifuani, akasema kitanda hiki ni chembamba, mtani wangu alikuwa mtu wa nyonga, rudini mkapime upya. Masheikh walikunja nyuso. Sisi wengine tulicheka na machozi yakitutoka. Wakamwongezea upana wa kiganja, ndipo akakubali kutolewa. Hakuna aliyethubutu kumkasirikia, kwa kuwa anayekasirika kwa utani hana watu, na asiye na watu atazikwa na nani?

Jioni ya Jumatano alinikuta nimekaa namtukana Abilahi mbele ya kuku. Akasikiliza kidogo, akaniambia kuku hawana mamlaka. Niende mahakamani.

Nikamwambia mahakama ni ya walewale.

“Hata kaburi lilikuwa la walewale waliolichimba,” alisema. “Mimi sikuwaambia wasizike. Niliwaambia wasimame kwanza. Nenda ukawaambie hivyohivyo, shemeji: simameni kwanza. Mazishi hayakuharibika kwa kungoja, na mimi nilisema langu.”

Alfajiri ya Alhamisi nikashika njia ya Kiswere, iliko mahakama. Kanzu nilivaa moja, nyingine sikuwa nayo. Njiani nilijipangia maneno yangu yote: nianze na zahanati, nije kwenye gari, nipitie sabuni iliyopotea dukani kwa ushirika, nimalizie na baiskeli ya Abilahi ambayo hakuna ajuaye aliinunuaje. Kufika adhuhuri nilikuwa na kesi ya kutosha kuwafunga nusu ya tarafa.

Mahakama ilikuwa chumba kimoja chenye bati, benchi mbili na meza. Hakimu alikuwa kijana aliyeitwa Valentini, Mngoni wa Songea, miwani puani, anasikiliza shauri la mbuzi aliyekula miche ya watu. Mbuzi mwenyewe alikuwa amefungwa nje kama kielelezo, na kila mwenye mbuzi alipojitetea, yeye nje alilia. Karani alinipokea, akaandika jina langu, Tawakali bin Yahya, akaandika ninalolalamikia, akafungua kalenda akanipa tarehe: ishirini na tatu Septemba.

Nilimwambia Jumamosi hii nyumba inavunjwa. Akasema shauri lako limepangwa Septemba. Nikamwambia tena, naye akaniambia tena. Sauti yangu ikapanda bila kuniaga.

“Mtu ametumbukia kisimani,” nilisema, “nawe unampangia siku ya kufundishwa kuogelea?”

Mbuzi akanyamaza. Hakimu akainua kichwa. Nilidhani sasa nitafungwa, na kwa kweli nilijisikia vizuri kidogo, maana mtu aliyefungwa huletewa chakula. Lakini yeye alivua miwani, akaifuta kwa shati, akawaambia wenye mbuzi wakae pembeni dakika chache kwa kuwa mbuzi amekwisha kula, hatakula zaidi.

Akaniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia, kwamba yapo mambo mahakama huyasikiliza kwa zamu, na yapo machache yasiyoweza kungoja zamu. Ili ajue langu ni lipi, atauliza maswali matatu tu.

La kwanza, lini? Nikasema Jumamosi paa, Jumatatu trekta.

La pili, je, nimewaambia wenyewe wanaotaka kuvunja? Nikasema nimemwambia Katibu, naye kaniambia trekta halina habari.

La tatu alilisema polepole. “Mzee, tuseme nimekaa kimya. Wamevunja, wamelima. Septemba tunasikiliza shauri lako, na wewe unashinda. Ni kitu gani hapo mimi sitaweza kukurudishia?”

Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikaanza na zahanati. Nikaja kwenye gari na samaki. Nilikuwa nimefika kwenye sabuni alipoweka kalamu mezani.

“Siwezi kuihukumu nchi nzima kabla ya Jumamosi,” alisema. “Nakuuliza kitu kimoja.”

Nikafikiri. Nikasema nyumba. Akaniuliza ni ya nini. Nikasema miti na udongo, nyasi juu. Akasema nyumba ya miti na udongo hujengwa upya, na nikishinda ataamuru wanijengee. Nikasema mikorosho. Akasema wamepewa amri wasiiguse mikorosho, amesoma waraka. Nikasema mazoea. Akatikisa kichwa: mazoea hayana mahali pa kupigia mhuri.

Nilitazama miguu yangu, nikaona kifundo cha kulia, kile kilichovimba tangu mwaka wa Uhuru, nacho ndicho kilichonijibia. Maana kifundo kile nilikitegua uani kwangu asubuhi ya siku ile ya bendera, nimevaa shati jeupe nakimbilia ngoma. Nikaingiza mguu katika shimo la kinu cha Siti. Wenzangu walicheza Uhuru, mimi niliukalia. Nilimgombeza siku tatu nzima. Nilimwambia ahamishe kinu chake, atwange kila siku mahali pengine kama wanawake wenye akili. Naye alinijibu kwamba ardhi iliyozoea kinu haikiyumbishi, na kwamba shimo lile lilikuwepo kabla ya haraka yangu.

“Kinu,” nilisema.

Hakimu akaniuliza kinu si kinabebeka?

“Kinabebeka, Bwana Hakimu. Kinu nitakibeba kichwani mpaka hiyo barabara kuu. Shimo lake ndilo nitalibebaje?”

Nikamweleza. Miaka ishirini na sita mwanamke mmoja ametwanga mahali pamoja, mtama, mpunga, muhogo, mpaka ardhi ikakubali kuinama. Lina kina cha vidole vinne. Upande wa mashariki limezama zaidi kidogo kwa sababu alikuwa akielemea mguu wa kushoto. Trekta likipita mara moja, nani atanirudishia? Mahakama ina mtu wa kutwanga miaka ishirini na sita?

Sikulia. Nasema hivyo kwa sababu mwenye mbuzi alitangaza Kiswere nzima kwamba nililia. Yeye ndiye aliyelia, na si ajabu, alikuwa anashindwa kesi.

Valentini alivaa tena miwani yake. Kisha akasema kwamba sisi watani wake wa pwani tumezidi: babu zake walitoka Songea kuja kuwanyang'anya babu zetu mifugo na mashamba, na leo wajukuu wanagombea shimo. Watu wakacheka, nami nikamwambia babu zake wangelijua lina thamani wangelibeba. Akacheka mwenyewe. Halafu uso wake ukabadilika, akasema huo ulikuwa utani, sasa anasema kama hakimu. Akaandika muda mrefu, akapiga mhuri, akanisomea.

Katibu na watu wake wasivunje, wasiondoe, wasilime mahali pa mlalamikaji. Naye mlalamikaji asijenge, asipanue, asigeuze. Hali ibaki kama ilivyo mpaka shauri litakaposikilizwa.

“Elewa vizuri,” alisema akinipa karatasi. “Sijasema una haki, wala sijasema huna. Nimesema jambo lisife kabla sijalisikia.”

Tarishi wa mahakama alikuwa na baiskeli isiyo na mpira wa mbele, hivyo amri nikaibeba mwenyewe, nimeiviringisha ndani ya kofia. Nimebeba mizigo mingi maishani, magunia ya korosho, mbao, mgonjwa. Hakuna uliokuwa mwepesi kama ule, wala ulionifanya nitembee kwa uangalifu zaidi.

Jumamosi saa mbili Abilahi alikuja na mgambo sita. Majirani zangu walikwisha kushusha mapaa yao wenyewe, wamefunga vyombo, wengine wana furaha na sisemi walikosea. Kijana mwenye watoto anataka shule. Nilikuwa nimebaki mimi. Mgambo mmoja akapanda juu ya paa langu kabla sijavua kofia, akaanza kutupa nyasi. Fungu la kwanza, la pili. Nilipompa Abilahi karatasi, la tatu lilikuwa linashuka.

Abilahi aliisoma, akaigeuza, akaisoma. Akasema hii ni karatasi ya mahakama, na yeye kazi hii amepewa na chama na serikali. Nikamwuliza mahakama ni ya nani, ya Wareno? Akasema tusibishane mbele ya mgambo. Nilimwona jasho likimtoka na jua lilikuwa halijachoma. Huko juu alikuwa na mkubwa wake anayengoja taarifa kwamba Mpingoni imekwisha. Huku chini ana mhuri. Mgambo wa paani naye kashika fungu la nne, anatutazama, hajui alitupe au alirudishe.

Hapo ndipo Kidawa alipopita katikati yetu bila kuamkia mtu, akaenda uani, akatandika kanga moja na kujilaza chali, kiuno chake sawasawa ndani ya shimo la kinu. Mikono kifuani. Macho akafumba.

Abilahi akamwuliza anafanya nini.

“Nimekuja kazini,” alisema Kidawa, macho bado yamefumbwa. “Mtani wangu ana makaburi mawili. Lile la kule nililipima mimi. Na hili nitalipima mimi. Lima, Katibu, lakini anza na nyonga, ndiko kuliko laini.”

Mgambo wa juu akacheka mpaka fungu likamponyoka, ila lilidondokea ndani, hilo sihesabu. Wa chini nao wakaanza. Abilahi alijitahidi. Alikaza midomo, akatazama mikorosho, akajikohoza. Lakini alikuwepo mazishini, aliuona ule mchezo wa kwanza, na huu wa pili ukaukumbusha wa kwanza. Akapasuka. Alicheka akashika magoti, akacheka kama siku ile ya jando tulipokuwa watoto na kungwi akateleza matopeni. Na mtu akishacheka hivyo, hawezi tena kuvunja nyumba. Angejaribu, mikono ingemkataa.

Alipojifuta machozi, aliichukua ile karatasi kwa namna nyingine. Nikaona amegundua kitu ambacho mimi sikukiona: kwamba karatasi ile haikuwa imemfunga, ilikuwa imemfungua. Atamwambia mkubwa wake, nimezuiwa. Si mimi, ni mhuri. Akaandika nyuma yake, “Nimepokea, saa tatu kasoro,” akatia sahihi, akawaita vijana wake, wakaondoka. Siku ile, nakiri, ndiyo mara ya kwanza toka Desemba kusikia sauti yangu ikimwambia mtu karibu tena.

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza, na ni taabu ya kuchekesha, kwa hiyo nitaisimulia.

Paa langu lilikuwa na tundu la mafungu matatu. Jumapili nikapanda na nyasi mpya. Sijafunga hata kamba moja, Abilahi huyo kwenye baiskeli. Akanikumbusha kwamba amri inanihusu na mimi: asijenge, asigeuze, hali ibaki kama ilivyo. Nikasema hali ilivyo ni paa zima, amri imeandikwa Alhamisi, na Alhamisi paa lilikuwa zima. Akasema amri imepokelewa Jumamosi saa tatu kasoro, sahihi hii hapa, na saa tatu kasoro paa lilikuwa na tundu. Tundu ni sehemu ya hali. Alilisema bila kucheka, lakini sharubu zake zilikuwa zinacheka. Nami sikuweza kukana: mtu huwezi kuikumbatia amri asubuhi na kuipiga teke alasiri.

Jumatatu trekta lilikuja. Likalima Mpingoni yote, likafika kwangu, likazunguka. Mimi, nyumba, tundu na shimo tukabaki kisiwa katikati ya shamba la ujamaa. Mahindi yalipoota, kutoka barabarani ulikuwa huoni nyumba yangu, unaona moshi tu. Kidawa, aliyehamia kijiji kipya na wenzake, alinipa jina, na jina likashika mpaka watoto wa shule: Bwana Kama-Ilivyo. Kila Ijumaa alikuja kuniangalia. Akinikuta nimenyoa ndevu, aliniuliza kama nimepata kibali cha mahakama. Akinikuta nimekonda, alisema huko ni kugeuza hali, nitashitakiwa.

Septemba ishirini na tatu tulikwenda Kiswere, mimi na Abilahi, njia moja, nikiwa nimekaa nyuma ya ile baiskeli ambayo sijajua hata leo aliinunuaje. Hakimu alikuwa ameitwa kwenye semina. Tukapewa Novemba. Novemba tulikuta amehamishwa Tunduru. Januari tulikuta hakimu mwingine, mtu mzima, mpole, akatuambia hawezi kusikiliza bila jalada, na jalada limekwenda Lindi kwa ukaguzi. Nilimwuliza amri yangu je? Akasema amri ni ya muda, inasimama mpaka shauri lisikilizwe. Tulipanda baiskeli tukarudi. Katikati ya njia Abilahi akasema, “Somo, wewe umezuiliwa kushinda na mimi nimezuiliwa kushindwa.” Nilitaka kumjibu kwa ukali, nikakuta sina ukali wa karibu.

Mvua za masika zilinikuta na tundu langu. Nililala na mwavuli. Siku moja ya mvua kubwa, saa nane mchana, nikasikia mtu juu ya paa. Nikatoka na panga. Alikuwa Abilahi, peke yake, kalowa chapachapa, na nyasi alizozikata mwenyewe. Akanitupia kamba. Akasema yeye hajaniona na mimi sijamwona, na tundu likiulizwa tutasema limejiziba kwa aibu. Tulifunga nyasi fungu kwa fungu. Alipomaliza, akiwa bado juu, aliniambia kitu ambacho nilikingoja miezi kumi na sita. Kwamba siku ile ya gari alikuwepo; kwamba aliwaambia warudi, hawakumsikia; kwamba hakuwaambia mara ya pili.

Nilisimama kwenye mvua nikamshikia ngazi. Sikumwambia nimekusamehe, maana sikuwa na uhakika. Nilimwambia ateremke, ngazi inateleza.

Na kwa kuwa mimi tu ndiye niliyekuwa nikiishi kule kondeni, nguruwe pori walipoanza kuyaingilia mahindi ya kijiji, aliyekuwa akiwafukuza ni nani? Mimi. Nilipiga debe kwa ajili ya mahindi ya watu waliotaka kunivunjia nyumba. Mwaka ule kijiji kikavuna vizuri kuliko vijiji vya jirani, na mkutanoni nikashangiliwa, nikapewa jembe. Wenye madaraka ni watu wa ajabu: ukiwapinga hawakusikii, ukiwafukuzia nguruwe wanakupa jembe. Jembe ninalo. Ni zuri.

Sasa nifike kwenye shimo.

Tangu Siti afariki hakuna aliyetwanga pale. Kinu nilikilaza kando ya ukuta, mchi nikauchomeka darini. Kabla ya amri nilikuwa naona haya kuwaambia watu wasiliguse. Baada ya amri haya iliniisha, nikawa nawaambia ni mahakama. Muuza kuku akilisogelea, mahakama. Mtoto akitaka kuchezea bao hapo, mahakama. Nilijihisi nimelilinda. Unga nilinunua kijijini, kwenye ile mashine ya kusaga.

Mashine ikafa. Kipuri kikaagizwa, na ukiagiza kipuri kwetu, uwausie na wajukuu. Wanawake wakarudi kwenye vinu. Ijumaa moja, mwezi uliopita, Kidawa akaja na ungo wa mpunga kichwani. Hitma ya Siti imekaribia, akasema, na mimi mtani wake sitapika mchele wa dukani. Akakiinua kinu changu, akakipangusa kwa kanga, akakielekeza kwenye shimo.

Nikamwambia asimame. Amri.

Hakubishana. Alikilaza kinu, akachuchumaa, akaniita nije nitazame. Akachovya vidole ndani ya shimo. Vilikuwa vinne. Sasa ni viwili na nusu. Masika mawili yameteremsha tope. Kuku wamechimba ukingo. Upande wa mashariki, ule wa mguu wa kushoto, umelingana na wa magharibi. Nilikuwa nikilipita kila siku na sikuona. Nililitazama kama mtu aliyemwachia jirani mtoto, akarudi kumkuta ana sura ya jirani.

“Lisipotwangwa linajaa,” alisema Kidawa. “Likitwangwa linazidi. Niambie wewe mwenye karatasi, shemeji, nifuate lipi?”

Alilisema kwa upole, hakukuwa na utani ndani yake, na hilo ndilo lililonitisha. Alikaa kizingitini, chini ya namba kumi na saba, akaanza kuchambua mpunga kama mtu mwenye siku nzima.

Nilimwandikia hakimu barua. Elimu yangu ni ya darasa la pili na chuo cha Kurani, kwa hiyo ilinichukua siku nne, na Abilahi alinisahihishia, kisha akaipeleka Kiswere mwenyewe. Sikuandika neno juu ya zahanati. Sikuandika juu ya gari. Nilishangaa nilipoisoma tena kwamba ukurasa mzima ulikuwa wa shimo, na wa mwanamke aliyekuwa akiimba anapotwanga, wimbo uleule mmoja, hajapata kuumaliza kwa kuwa mpunga ulikuwa unakwisha kwanza. Jibu halijaja. Wiki tatu sasa. Huenda jalada liko Lindi, huenda liko Tunduru linamtafuta Valentini.

Leo ni Ijumaa na hitma ni kesho. Kidawa amekuja tena na mpunga wake, Abilahi amekuja na jogoo. Wote wawili wamekaa, wananitazama, hakuna anayenihimiza. Nimekichukua kinu na kukisimamisha ndani ya shimo, kwa kupima tu. Kimekaa. Hakikuyumba. Kidawa akamimina mpunga bila kuambiwa. Nikautoa mchi darini. Ni mzito kuliko nilivyoukumbuka, au mimi ni mwepesi. Mwanamume kutwanga mbele ya watu si desturi, na Abilahi, Mungu amlipe, ameangalia mikorosho.

Nimeuinua mchi. Sasa uko juu, na hakuna hakimu, wa Kiswere wala wa Lindi, aliyekwisha kunijibu: shimo alilolichimba mtu kwa kutwanga hubaki kama lilivyo kwa kuachwa, au kwa kutwangwa?